Pengo la bajeti linazibwa na nani?

Nikiwa mtoto katika makazi ya wakimbizi ya Mishamo, wilayani Mpanda, mwezi wa Juni ulikuwa na jioni moja ambayo wazee hawakuwahi kilabuni. Walikusanyika kwa jirani mwenye redio ya betri wakamsikiliza Waziri wa Fedha wa Tanzania akisoma bajeti. Hatukuwa raia wa nchi ile. Tulikuwa Warundi wa mwaka 1972, watoto na wajukuu wa watu waliovuka mpaka na nguo walizovaa tu. Lakini wazee wetu walisikiliza kuliko raia wenyewe, kwa sababu walijua kwamba kilichosomwa jioni ile kingefika dukani asubuhi yake. Mabilioni hayakuwashughulisha. Walisubiri zamu ya sigara, bia, soda na mafuta ya taa, na kila kimoja kilipotajwa mmoja wao aliguna na mwingine akacheka.

Baba yangu alikuwa na kopo la maziwa ya unga ambamo alitunza risiti za kodi. Kodi ya maendeleo, ambayo Tanzania iliifuta mwaka 2003, ilimpata hata yeye mkimbizi, naye aliilipa na kuihifadhi risiti kana kwamba ni cheti cha ndoa. Nilipomwuliza makaratasi yale ya nini, alinijibu kwamba mwenye kulipa kodi ana haki ya kuuliza. Yeye mwenyewe hakuwahi kuuliza kitu, maana alikuwa mgeni na mgeni hukaa alipoonyeshwa. Kopo lile lilirudi nasi Burundi mwaka 2009. Leo mimi mwanawe ni raia, mwalimu wa shule ya serikali, na nina mke anayefanya biashara ya mpakani. Nadhani zamu ya kuuliza imefika.

Ninachouliza ni hiki. Kila mwaka tunaambiwa kwamba serikali imepanga kupunguza nakisi, kwamba mapato yataongezeka na matumizi yatabanwa, mpaka bajeti ikae sawa. Vizuri. Lakini kati ya siku tunayoambiwa hivyo na siku bajeti itakapokaa sawa, pengo lililopo linazibwa na nani?

Naomba msomaji anivumilie nifundishe kidogo, ualimu ni ugonjwa usiopona. Serikali ikiwa na matumizi makubwa kuliko mapato, hazina miujiza. Inaweza kuongeza kodi, na wananchi wakaiona. Inaweza kukata matumizi, na watumishi wakaiona. Inaweza kuomba msaada kwa wafadhili, ambao hutoa leo na kesho wakafunga mkono. Inaweza pia kukopa: kwa benki za biashara zinazonunua hati fungani zake, au kwa Benki Kuu ambayo ndiyo yenye mamlaka ya kutoa noti. Hii njia ya mwisho ndiyo nyepesi kuliko zote, kwa kuwa haina siku ya kutangazwa. Haihitaji askari wa forodha wala risiti. Fedha zinaingia katika mzunguko, bidhaa zinabaki zile zile, na baada ya miezi michache mama anakuta kilo ya sukari imepanda bei bila Bunge kupandisha chochote.

Nchi yetu haikufika hapo kwa uzembe wa mtu mmoja, na ni haki kulisema hilo kwanza. Sisi tuliorudi kati ya mwaka 2008 na 2009 tulikuta nchi inayoanza kusimama. Ada ya shule za msingi ilikuwa imefutwa tangu mwaka 2005, na mwaka uliofuata akina mama wakaanza kujifungua bila malipo na watoto wa chini ya miaka mitano wakatibiwa bure. Januari 2009 Burundi ilikamilisha safari yake ya kusamehewa sehemu kubwa ya madeni ya nje. Mwezi Julai mwaka huo huo tukaingia katika umoja wa forodha wa Afrika Mashariki, kodi ya ongezeko la thamani, ile TVA ya asilimia 18, ikaanza, na Mamlaka ya Mapato, OBR, ikaundwa. Katika miaka yake ya mwanzo mapato yalipanda sana. Nilikuwa na wanafunzi wanaokaribia mia katika darasa moja, wengine wameketi sakafuni, na bado nilikuwa na furaha, kwa sababu wote walikuwa wamekuja.

Ila tulikuwa tunakula kwa mkono wa jirani. Karibu nusu ya bajeti ya nchi ilitoka kwa wafadhili, na Umoja wa Ulaya ulikuwa mkubwa kati yao. Mgogoro wa mwaka 2015 ulipotokea, milango ikaanza kufungwa. Machi 2016 Umoja wa Ulaya ulisimamisha msaada wake wa moja kwa moja kwa serikali, na uamuzi huo ukaondolewa Februari 2022. Hiyo ni takriban miaka sita. Familia inayonyimwa nusu ya kipato kwa miaka sita itauza mbuzi, itakopa dukani, itawapunguzia watoto sahani. Serikali nayo ilifanya hivyo hivyo. Nyongeza ya kila mwaka katika mishahara ya watumishi ilisimama kwa miaka kadhaa, mikopo ya ndani ikavimba, na Benki Kuu ikageuka duka la jirani ambalo mteja huandikiwa daftarini.

Kisha ukaja mchango wa uchaguzi. Nautaja kwa sababu una funzo ambalo wengi hatukuliona wakati ule. Desemba 2017 ilitolewa amri kwamba uchaguzi wa mwaka 2020 ugharimiwe na Warundi wenyewe. Kila kaya iliombwa faranga 2,000, mwanafunzi aliyefikisha umri wa kupiga kura faranga 1,000, na watumishi wa serikali tukakatwa katika mshahara kulingana na kipato cha kila mmoja. Makato hayo yalisimamishwa mwisho wa Juni 2019. Siwezi kusema yalinifurahisha. Ada ya mtoto wangu wa kwanza ilichelewa kwa ajili yake. Lakini nilijua ni kiasi gani, nilijua ni ya nini, na siku yaliposimama nilijua yamesimama. Ningeweza kuyapinga au kuyaunga mkono kwa hesabu mkononi. Kodi inayokuja kwa njia ya bei haina hata kimoja kati ya hivyo. Kiasi chake sikijui, na siku ya mwisho wake siijui.

Sasa niende mpakani, maana huko ndiko pengo la bajeti linakotembea kwa miguu.

Mama watoto wangu hununua chumvi ya Uvinza, sabuni na dagaa wa Kigoma upande wa Manyovu, akavuka navyo Mugina na kuviuza Mabanda na Makamba. Msimu wa mawese humwelekeza upande wa pili. Mtaji wake hauzidi ule wa wanawake wengine kumi mnaowaona wakishuka na magunia katika gari lile lile. Jioni hukaa na daftari la shule akihesabu, nami nikisahihisha madaftari pembeni. Siku moja aliniuliza swali ambalo sijalipata katika kitabu chochote cha hesabu: "Mwalimu, nimeuza vyote, kila kitu kwa faida, na bado siwezi kununua tena mzigo ule ule. Faida yangu imekwenda wapi?"

Tukakaa tukapiga hesabu kwa faranga milioni moja, ili iwe rahisi. Mwaka 2015, kabla mambo hayajaharibika, dola moja ilikuwa kama faranga 1,560 kwa kiwango rasmi, hivyo milioni ilikuwa dola zipatazo 640. Mwanzoni mwa Mei 2023 Benki Kuu iliishusha thamani ya faranga kwa siku moja, kutoka kama 2,080 kwa dola hadi zaidi ya 2,800. Milioni ile ile ikawa na thamani ya dola 350 hivi. Na hicho ni kiwango cha kwenye ubao wa benki. Dola ya kweli, ile unayoweza kuishika mkononi, ilikuwa mitaani, na mwaka 2025 bei yake mitaani ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile rasmi. Shilingi ya Tanzania nayo hupanda nyuma ya dola kama mtoto nyuma ya mama yake. Mfanyabiashara aliyeweka mtaji wake kwa faranga ameibiwa bila mwizi kuingia ndani.

Ndiyo maana nasema faida yake haikupotea. Ilikwenda kuziba pengo. Alilipa kodi ambayo haikuandikwa popote, na risiti yake haiwezi kuingia katika kopo la marehemu baba.

Kuna jambo lingine la siku ile ya Mei ambalo wengi wenu mlilihisi bila kulijua. Mzigo unaotozwa TVA huthaminiwa, thamani ile ikageuzwa kuwa faranga kwa kiwango rasmi, ndipo asilimia 18 ikahesabiwa. Chukua mzigo wa dola 500. Kwa kiwango cha zamani TVA yake ilikuwa kama faranga 187,000. Kwa kiwango kipya, kama 256,000. Sheria ya kodi haikubadilika hata nukta, asilimia ni ile ile 18, lakini umelipa karibu faranga 70,000 zaidi. Hazina ikaandika kwamba mapato ya forodha yameongezeka. Ni kweli yameongezeka, kwa faranga. Mtu akipima unga kwa kikombe kilichopunguzwa, atapata vikombe vingi zaidi.

Haki inanilazimu niseme na upande wa pili. Kuacha faranga katika kiwango cha uongo nako kulikuwa na hasara, tena kwa serikali yenyewe. Aliyepata dola benki kwa bei rasmi alinunua bidhaa kwa nusu ya gharama ya mwenzake na akaziuza kwa bei ya mtaani. Tofauti ile haikuingia hazina wala haikumfikia mlaji. Maduka ya kubadilisha fedha yalifungwa Februari 2020 na kuruhusiwa tena Oktoba 2022, lakini biashara ya dola haikufungwa hata siku moja. Ilihamia tu kwenye vyumba vya nyuma. Na dola zilipokosekana, mafuta ya magari yakakosekana. Mafuta yalipokosekana, nauli ya gunia moja la chumvi kutoka Mugina ikawa kubwa kuliko faida ya gunia. Viwanda navyo, vinavyohitaji malighafi ya nje, vikapunguza kazi, na kiwanda kisichozalisha hakitoi kodi. Kwa hiyo pengo lililozibwa kwa noti hufungua pengo jingine upande wa mapato. Hapo ndipo naona ubaya wake hasa: tunaongeza maji kwenye mchuzi, kisha tunashangaa kwa nini watu hawashibi, kisha tunaongeza maji tena.

Serikali yenyewe inalijua hili. Julai 2023 ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, mpango wa miezi 38 wenye thamani ya dola zipatazo milioni 271, na miongoni mwa shabaha zake ilikuwa kupunguza nakisi na kuacha kuegemea Benki Kuu. Mwaka huo huo mfumuko wa bei ulipita asilimia 25. Mwezi mmoja kabla ya makubaliano hayo, noti za 5,000 na 10,000 za zamani ziliondolewa katika mzunguko na wenye nazo wakapewa siku kumi za kuzipeleka benki. Nia iliyoelezwa ilikuwa kurudisha benki fedha zilizofichwa. Wenye magunia ya fedha sijui walifanyaje. Mimi namjua mwanamke aliyekuwa Kigoma siku tangazo lilipotoka, na mtaji wake ulikuwa umeshonwa ndani ya kitenge. Aliwahi, kwa pikipiki tatu na usiku mmoja wa kulala barazani kwa watu. Namjua kwa sababu nilimfungulia mlango aliporudi.

Nimesema mama watoto hupita ofisini. Dada yake hapiti. Yeye hujua vijia vyote, na wala hajifichi anaposimulia, hasa akiwa amekula vizuri kwangu. Jioni moja wawili hawa walibishana mbele yangu. Mke wangu akasema: "Ushuru ninaolipa ndio mshahara wa mwalimu. Nikikwepa namkata mume wangu mwenyewe." Dada yake akacheka mpaka machozi: "Basi mlipe mumeo hapa hapa mezani, ya nini kuzungukia Bujumbura? Shemeji, mwaka huu umeongezewa ngapi?" Sikuwa na la kumjibu. Nilijifanya nasahihisha.

Jibu ninalo leo, na ni la kila mwenye gunia anayesoma hapa. Kwanza, shemeji yangu anaogopa kodi nyingine ambazo hadaiwi. Utaratibu rahisi wa biashara wa Afrika Mashariki unamruhusu mchuuzi mwenye mzigo usiozidi dola 2,000, wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na zilizomo katika orodha iliyokubaliwa, kuvuka bila kulipa ushuru wa forodha. Hahitaji wakala. Hujaza cheti kifupi cha uasilia wa bidhaa, hapo hapo mpakani, na cheti hicho hakiuzwi. Chumvi ya Uvinza haikutoka China. Kodi za ndani kama TVA hazifutwi na cheti hicho pale bidhaa inapotozwa, na ni vizuri kulijua hilo kabla ya kubishana na ofisa. Lakini wanawake wangapi wamewahi kukiona cheti chenyewe? Orodha imebandikwa wapi, kwa lugha gani? Mtu asiyejua anachodaiwa huona kila anayemsimamisha ni mdai halali, au huona wote ni wezi. Vyote viwili humpeleka porini.

Pili, na hili ni la watunga bajeti, kumkimbiza mwenye gunia porini ni gharama kuliko anachobeba. Pengo la nchi haliwezi kuzibwa na dagaa. Mkitafuta mapato, tafuteni kwanza yale ambayo serikali iliamua kwa hiari yake kutoyachukua. Nazungumzia misamaha ya kodi. Mwekezaji hupewa, mradi hupewa, chama hiki na shirika lile hupewa, na kila msamaha una sababu nzuri siku unapotiwa saini. Ubaya ni kwamba hauna siku ya kuulizwa tena. Mke wangu anasamehewa ushuru kwa mzigo mmoja, kwa karatasi yenye tarehe, na safari ijayo anajaza nyingine. Kwa nini mwenye kontena asijaze yake kila mwaka, na jina lake na kiasi alichosamehewa visomwe Bungeni pale Kigobe pamoja na bajeti? Sisemi wote wafutiwe. Nasema wasomwe. Wapo watakaojiondoa wenyewe kwa haya.

Upande wa matumizi serikali imefanya jambo moja kubwa ambalo sikutarajia kuliona. Mikoa 18 imekuwa mitano, na tarafa 119 zimebaki 42. Makamba yetu sasa imo katika mkoa wa Burunga. Wakuu wachache, magari machache, vikao vichache. Nilipiga makofi. Kisha jirani yangu, mzee aliyerudi mwaka mmoja na sisi na ambaye kesi yake ya shamba haijaisha, akanieleza kwamba karatasi aliyokuwa akiifuata kwa miguu sasa anaifuata kwa nauli. Akiba ya serikali imekuwa gharama yake. Sijui kama katika hesabu za Gitega nauli ya mzee huyu iliwahi kuingizwa. Kama bado, iingizwe, kwa kutuma ofisa na mhuri wake kwenye vilima siku moja kwa wiki. Ofisa mmoja kwenye pikipiki ni nafuu kuliko wazee mia kwenye basi.

Kwenye mishahara sitasema mengi, kwa kuwa nina maslahi. Mwalimu akitetea mshahara wa walimu ni kama mbuzi akitetea majani. Niseme tu kwamba mshahara ambao haukukatwa lakini umeachwa nyuma na bei umekatwa. Serikali ikitaka kupunguza matumizi kwa njia hiyo, ijue kwamba mwalimu naye hupunguza kwa njia yake. Saa nane mchana yuko shambani au kwenye biashara ndogo, na darasa la jioni halipo. Hata mimi. Hilo nalo ni pengo, na halionekani katika jedwali lolote hadi mtoto afike darasa la sita bila kujua kugawanya.

Wapo wanaosema tusubiri, kwamba ardhi yetu ina madini, na kwamba dira ya taifa imetuwekea kuwa nchi inayoinukia mwaka 2040 na iliyoendelea mwaka 2060. Naiheshimu dira. Mwaka 2060 nitakuwa nimepita miaka themanini, Mungu akipenda. Lakini bajeti huanza Julai, na ahadi ya madini si mapato mpaka yauzwe, tena yauzwe kwa mkataba unaoeleweka. Nilikulia katika makazi ambayo wazee walikaa miaka 35 wakisema mwakani tunarudi. Walirudi, wengine, na wengine wamezikwa kule wakiwa na mizigo iliyofungwa. Wale walioishi vizuri ni waliopanda miembe huku wakingoja.

Kaka yangu hakurudi. Ni Mtanzania sasa, alichukua uraia na kubaki Mishamo, na kila Juni hunipigia simu kunieleza waziri wao amesema nini. Hunitania: "Na huko kwenu, bia imepanda?" Namjibu imepanda, lakini hakuna aliyesema. Kwetu sheria ya bajeti huandikwa kwa Kifaransa, kurasa nyingi za namba, na mimi niliyesomeshwa kwa Kiswahili na kumalizia Kiingereza huisoma na kamusi pembeni kama mwanafunzi. Mke wangu hawezi kuisoma kabisa. Dada yake hawezi. Mzee wa kesi ya shamba hawezi. Hao ndio wanaoziba pengo.

Kwa hiyo ombi langu kwa Wizara ya Fedha na kwa waheshimiwa wabunge ni dogo kuliko maneno niliyoyatumia. Bajeti ijayo itakapopitishwa, itoke na kurasa tatu kwa Kirundi na kwa Kiswahili, zisomwe redioni jioni ambayo watu wapo nyumbani. Ukurasa wa kwanza useme tutapata kiasi gani na kutoka kwa nani. Wa pili useme tutatumia kiasi gani na kwa nini. Wa tatu useme pengo ni kiasi gani, na katika pengo hilo, kiasi gani kitakopwa Benki Kuu. Namba hiyo moja ndiyo ninayoitaka. Mwaka unaofuata waziri asome alichosema na kilichotokea. Kama alisema kumi na ikawa ishirini, aeleze. Hatutamla.

Nitazinakili kurasa hizo ubaoni kwa darasa langu la tisa, kwa somo la asilimia. Na orodha ya bidhaa za cheti cha mpakani, yeyote aliye nayo kwa Kiswahili au Kirundi anitumie kupitia gazeti hili. Dada wa mama watoto ameniambia akiiona kwa macho yake, na chumvi ikiwa imo, soko lijalo atapita ofisini. Mama watoto ameshamwandalia kalamu.